Vifaa vya karakana ya nyumbani, vipya na mtumba: maswali mnayoniuliza kila siku huku Mbeya na Iringa

Kamwene, ndaga, habari zenu wote. Mi sio fundi wa kusomea, nina kazi yangu nyingine kabisa ya kuniingizia ugali, ila nyuma ya nyumba huku Uyole nina kibanda cha mabati cha mita tatu kwa nne na jumamosi nikiingia humo mama watoto anajua chai aniletee hukohuko. Viti, meza, mabanda ya kuku, fremu za madirisha, kuchomelea geti la jirani, ndo mambo yangu. Sasa watu wananiuliza maswali yaleyale kila wiki nikaona niyaandike yote hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Naanza kutoka sifuri, ninunue nini kwanza?

Wengi wakiuliza hivi wanategemea nitaje mashine. Hapana. Kwanza niambie unataka kutengeneza nini, maana nimeshaona mtu ana grainda mbili na hana hata futi. Kama ni banda la kuku na meza ya jikoni unahitaji msumeno wa mkono, nyundo yenye mkia wa kung'olea misumari, futi ya mita 5, guni (ya kupimia kona ya mraba), pimamaji, patasi mbili (ya nusu inchi na ya inchi moja), randa, bisibisi, plaizi na klempu mbili za kushikia mbao. Basi. Hizo zinakutosha mwaka mzima.

Guni usiitoe dukani bila kuipima, hata kama ni mpya na bado iko kwenye nailoni. Omba kipande cha mbao chenye ukingo ulionyooka, laza guni, chora mstari kwa penseli, afu igeuze upande wa pili uchore mstari mwingine palepale. Mistari miwili ikilaliana iko sawa. Ikiachana juu kama miguu ya mkasi rudisha, maana kila kabati utakalotengeneza litakuwa linainama na utajilaumu mwenyewe bure.

Mashine ya kwanza ukiwa na hela ni drili. Ya pili inategemea, wa mbao achukue msumeno wa umeme, wa vyuma achukue grainda ndogo ya inchi 4 na nusu.

Mpya au mtumba, kipi bora?

Mi nina utaratibu wangu na sijaubadilisha miaka sasa. Kisichozunguka nunua mtumba. Kinachozunguka ukitaka mtumba kikague kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, mpaka meno. Kinachokukinga mwili, yaani miwani, ngao ya uso, kofia ya kuchomelea, kinga ya vumbi, nunua kipya, hapo hakuna mjadala.

Kwanini vya mkono mtumba? Kwa sababu chuma hakina kumbukumbu ya umri, kikitunzwa kiko vilevile. Randa ya zamani ya Stanley namba 4, au Record zile za Sheffield Uingereza, inaweza kuwa ina umri wa baba yako na bado ukiinoa inatoa chenga nyembamba unaona mwanga upande wa pili. Afu kuna randa mpya za bei chee, nilishawahi kuchukua moja, jina silitaji, kisu chake kilikuwa laini nanoa asubuhi saa nne kimeshakuwa butu, nikaishia kuuza kwa mtu aliyetaka kuiweka sebuleni kama pambo.

Na msiwadharau wahunzi. Tindo au patasi iliyofuliwa kutoka spring ya gari ni kitu cha maana, chuma kile ni kigumu na kinashika makali, na huku kwetu ufuaji haujaanza jana, Wafipa wa Rukwa walikuwa wanayeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo wanayaita malungu kabla hata ya barabara ya lami kufikiriwa. Mwambie tu akupozee vizuri kwenye mafuta, isiwe ngumu sana ikavunjika.

Kuhusu bei, mashine ya mtumba ikizidi nusu ya bei ya mpya mi naiacha. Mpya ina risiti na waranti, mtumba ina stori tu.

Nitajuaje drili au grainda ya mtumba ni nzima?

Hapa tukae kidogo maana ndo watu wanapigwa.

Kabla hujachomeka kwenye umeme, shika pale inapofungwa biti (kile chuma cha kutobolea) au jiwe (ile sahani ya grainda ya kukatia na kusagia), sukuma juu chini, kushoto kulia. Ikicheza ujue beringi zimeliwa. Zungusha kwa mkono, isikilize, inatakiwa izunguke kimya na nzito kidogo, ukisikia kama mchanga unasagika ndani hiyo ni safari ya kwa fundi. Afu weka pua kwenye matundu ya hewa unuse, hata kama watu wanakucheka. Mota iliyowahi kuungua ina harufu yake haipotei, ni kama vanishi iliyounguzwa kwenye sufuria. Angalia skrubu za bodi, vichwa vikiwa vimeliwaliwa ujue imefunguliwa zaidi ya mara moja na watu tofauti. Angalia na waya pale unapoingia kwenye mpini, ndo unapokatikia siku zote, ukiona soloteepu nyeusi hapo fungua uone imefunika nini.

Sasa washa. Chungulia kwenye matundu karibu na mpini. Cheche ndogondogo za bluu ni kawaida, hizo ni kaboni (vile vipande vidogo vyeusi vinavyopeleka umeme) zinagusana na amecha (ile sehemu ya mota inayozunguka). Ukiona moto unazunguka kama pete ujue ama kaboni zimekwisha ama amecha imeharibika. Kaboni ni vitu vya bei ndogo, unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi, zikibaki kama milimita 5 hivi toa weka mpya. Amecha ni habari nyingine. Kusuka mota ya drili ndogo mara nyingi hailipi, kwa mashine kubwa ya mezani ndo inalipa.

Na usiwashe sekunde kumi ukasema iko poa. Iache dakika tano. Muuzaji atalalamika unamalizia umeme wa Luku, mpe mia tano yake. Kuna mashine ikiwa ya baridi inaimba vizuri kabisa, ikipata joto inaanza kunguruma na kunuka, na muuzaji anajua ndo maana ana haraka.

Kwa drili ongeza hili: funga biti ndefu iliyonyooka, washa, tazama ncha. Ikisimama kama nukta ni nzima. Ikichora kaduara, mdomo unaoshika biti umepinda, utakuwa unatoboa matundu makubwa kuliko biti. Grainda sikiliza gia za kichwani, ikilia kama mashine ya kukoboa kahawa kule Mbozi iache.

Nimepata mashine nzuri ya Japani imeandikwa 100V, nichukue?

Ngoja nikwambie ya kwangu kwanza. Nilikuta msumeno wa duara kwenye meza ya jamaa mmoja wa mtumba, safi, haujachubuka, maandishi yote ya Kijapani, bei ya kutupa. Jamaa akasema "kaka hii ni orijino ya Japani, haijaguswa". Kweli ilikuwa orijino. Nimefika nyumbani kiroho kinadunda, nikakata plagi yake ya vibati viwili nikafunga ya kwetu ya miguu mitatu, nikabonyeza. Ikapiga kelele sijawahi kusikia, ilizunguka kama inataka kuruka mezani, sekunde nne nahisi, afu moshi. Mtoto wangu mdogo akauliza baba imekufa? Imekufa mwanangu.

Kilichotokea ni hiki. Umeme wetu ni volti 230. Japani ni 100, Marekani ni 120. Ukiongeza volti mara mbili na kidogo, joto kwenye waya halipandi mara mbili, kwa hesabu ya waya tupu linapanda zaidi ya mara tano. Hakuna mota ndogo inayovumilia hiyo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla ya rangi kabla ya bei, tafuta kibati cha mashine usome volti. Imeandikwa 220, 230 au 240, endelea. Imeandikwa 100, 110, 115 au 120, hiyo inataka transfoma ya kushusha, na transfoma iwe kubwa kuliko mashine, mashine ya wati 1000 mi naipa transfoma ya 1500 isiwe inahema. Jumlisha bei ya transfoma kwenye bei ya mashine afu uone kama bado ni dili. Mara nyingi sio.

Kuna na zile za Uingereza zenye plagi kubwa ya njano ya duara. Nazo ni 110, Waingereza wanazitumia kwenye saiti za ujenzi kwa usalama, ila majumbani kwao ni 230 kama sisi. Watu wanadhani kwa kuwa imetoka Uingereza basi itakubali moja kwa moja. Ukiona njano simama.

Za Ujerumani na nchi jirani zao zenye pini mbili za mviringo ni 230, hizo badilisha plagi tu.

Afu kuna suala la hezi, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde. Sisi ni 50. Marekani ni 60. Japani wamegawanyika, upande wa Tokyo 50, upande wa Osaka 60. Mashine zenye kaboni kama drili na grainda haziumii sana na hilo. Ila zisizo na kaboni, kama jiwe la kunolea la mezani au kompresa, iliyotengenezwa kwa 60 tu ukiileta huku inazunguka taratibu, kama ilikuwa mizunguko 1,750 kwa dakika inashuka mpaka kama 1,450, na inapata joto. Kibati kikisema 50/60 uko salama upande huo.

Plagi ina waya mbili tu, haina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), si itanirusha?

Angalia kwenye kibati kama kuna kamraba ndani ya mraba. Hiyo alama maana yake mashine ina kinga mbili ndani na haihitaji ethi. Hamna alama hiyo na waya ni mbili, achana nayo, hasa kama bodi ni ya chuma.

Nimeona drili imeandikwa HiKOKI, ni feki ya Hitachi?

Hapana. Ni kampuni ileile, walibadilisha jina 2018. Feki zipo lakini sio kwa sababu ya hilo jina. Feki utaijua kwa uzito, herufi za kibati zinazofutika ukizisugua na kidole chenye mate, na wati zilizoandikwa kubwa kuliko umbo la mashine yenyewe.

Vya betri vya mtumba vipi?

Mi sipendi. Mashine inaweza kuwa nzima lakini betri ni kama mkate, ina siku zake hata ukiiweka kabatini. Na ukikuta mashine haina betri wala cheji, kabla hujafurahia bei nenda kaulize betri yake mpya shilingi ngapi, utarudi kimya.

Ila ukilazimika, omba ujaribu kwenye kazi, funga skrubu ishirini kwenye mbao ngumu mfululizo. Betri iliyochoka inaanza vizuri skrubu tatu nne afu inalegea kama mtu aliyekunywa ulanzi. Na usiuziwe maneno eti ya volti 20 ina nguvu kuliko ya 18. Nyingi ni seli tano zilezile za lithiamu, ukizihesabu zikiwa zimejaa chaji unapata kama 20, zikitulia ni 18. Ni namna ya kuandika tu.

Randa na patasi zimeshika kutu, zinafufuka?

Zinafufuka. Nina randa moja niliipata Mwanjelwa kwenye rundo la vyuma chakavu, imechanganywa na minyororo ya baiskeli, nyekundu yote kama tofali. Nilimpa mzee bei ya chuma chakavu akaniangalia kwa huruma. Nikaifungua kila kitu, skrubu moja ilikuwa imeganda nikaiwekea mafuta ya taa usiku kucha ikakubali. Vyuma nikaloweka kwenye siki ya dukani kwenye dumu lililokatwa, masaa kama ishirini na nne, nikasugua na steelwaya ya kuoshea masufuria, nikasuuza na maji yenye magadi kidogo kuua ukali wa siki, nikakausha palepale juani na kupaka mafuta. Ukichelewa kukausha kutu inarudi unaiangalia, haijifichi.

Tumbo la randa nikabandika msasa juu ya kipande cha kioo kinene cha dirisha nikaisugua huku na huku mpaka ikang'aa sawasawa pote. Chora mistari ya penseli kwenye tumbo kabla hujaanza, penseli ikibaki mahali ujue hapo bado pana bonde. Kisu nikanoa kwenye kinoo, pembe kama digrii 25 mpaka 30. Siku ya kwanza kuipitisha kwenye mbao ya paina ilitoa chenga ndefu inajikunja yenyewe, nikaiita familia nzima ije kuona, wakaangalia wakarudi kwenye tamthilia.

Angalizo: kutu ya juujuu ndo inafufuka. Ikiwa imechimba vishimo kwenye ncha ya kisu itabidi usage mpaka upite vishimo. Na randa yenye ufa kwenye mdomo usinunue, chuma cha kuyeyusha kikipasuka ndo basi.

Kutu huku kwetu haiishi, nifanyeje?

Sisi wa huku juu tuna shida mbili. Kuna mvua kuanzia Novemba mpaka Aprili na zaidi, na kuna baridi ya Juni Julai ambapo chuma kinalala baridi kama barafu, asubuhi hewa ya joto ikiingia kinatoka jasho. Watu wa Njombe na Makete mnanielewa. Kwa hiyo usilaze vifaa kwenye sakafu ya simenti wala usivitundike kwenye bati tupu. Vitundike kwenye ubao, au weka sanduku la mbao lenye mfuniko, afu baada ya kazi pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Nusu dakika tu.

Kingine ni mbao zenyewe. Paina nyingi tunayotumia, iwe ya Sao Hill Mufindi au ya mashamba ya watu, mara nyingi inakuja mbichi. Ukikata afu ukaacha msumeno hivohivo, kesho una madoa. Na utomvu unaganda kwenye meno mpaka msumeno unakwama, unadhani ni butu kumbe ni mchafu. Futa na mafuta ya taa kabla hujapeleka kunolewa.

Mawe ya grainda nayo niangalie nini?

Mawe usinunue mtumba kamwe na usipewe zawadi. Ni vitu vya gundi na mchanga mgumu, vikikaa kwenye unyevunyevu vinaoza bila kuonyesha. Pale katikati kwenye kapete ka chuma kuna tarehe ya mwisho imegongwa, mwezi na mwaka, wengi hawajawahi kuiona. Soma.

Na hii ya kutoa ngao ya grainda ili uingize jiwe la inchi 9 kwenye grainda ndogo, naomba kwa heshima zote mwache. Grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, jiwe la inchi 9 limetengenezwa kwa kama 6,600. Mawe hayo yameruhusiwa mita 80 kwa sekunde pembeni, yaani kilomita 288 kwa saa, na hapo we unalipeleka zaidi ya 130 kwa sekunde. Likipasuka haliulizi. Nina kovu juu ya nyusi kwa jiwe dogo tu la kawaida lililokuwa na ufa, na siku hiyo miwani ilikuwa mfukoni.

Umeme wa nyumbani utaweza?

Drili na grainda ndogo hazina shida. Grainda kubwa ya wati 2000 na zaidi inakula kama ampea 9, soketi yenye waya wa milimita za mraba 2.5 inabeba, usiichomeke kwenye ile ekstensheni ya kuchajia simu. Na ekstensheni ya kuzungushia ukitumia mashine kubwa ivute yote ikae wazi, ikibaki imejikunja inapata joto mpaka inayeyuka. Mashine ya kuchomelea ya inveta ndogo inakubali nyumbani kwa rodi nyembamba. Jioni taa zikianza kufifia mtaani acha kazi, umeme mdogo unaua mota polepole.

Nipate wapi na nisipigwe?

Vipya Mbeya ni Uhindini na Mwanjelwa, Iringa zunguka Miyomboni na Mlandege, omba risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), ni haki yako na ndo waranti yako. Mtumba zunguka mwenyewe kwa miguu, siku za kazi asubuhi, sio jumapili jioni ukiwa na haraka. Kuna wanaovuka Tunduma, na umeme wa Zambia ni kama wetu, 230 na plagi ileile, ila mzigo upite forodhani kihalali.

Ukiagizia Dar, kule Gerezani au Kariakoo, ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, hivo usikubali picha. Omba video moja isiyokatwa: kibati kisomeke, plagi iingie, mashine iwake. Malipo ukiupokea mzigo stendi.

Na mtu akija mlangoni usiku na drili kwenye mfuko wa rambo anauza kwa bei ya nyama kilo mbili, mwambie asante. Kununua mali ya wizi ni kosa la jinai, na hiyo drili ina mwenyewe, pengine fundi mwenzako wa Ilomba ambaye kesho hana cha kufanyia kazi.

Majirani wanaazima, nifanyeje?

Grainda na misumeno ya umeme siazimishi, nakuja nayo nafanya mwenyewe nakunywa soda naondoka nayo. Vya mkono naandika kwenye daftari jina na tarehe, hata kama ni shemeji. Ile randa ya Mwanjelwa aliichukua mzee mmoja tunaheshimiana sana, kurekebisha mlango mmoja tu, imeandikwa tarehe 14 Februari, na nikimkumbusha ananiambia mlango bado unasumbua.